Kiambishi -ka- na Ratiba ya Siku za Mwisho

Jumapili alasiri mjini Embu, ibada zinapomalizika na watu wanapoelekea kituo cha magari, ni nadra kukosa mhubiri aliyesimama kando ya barabara, Biblia mkononi na kipaza sauti mdomoni. Aghalabu mahubiri yake huwa ya siku za mwisho. Wakati mwingine huwa ametundika chati iliyochorwa kwenye karatasi ya manila: mstari mmoja mrefu utokao kushoto kwenda kulia, na juu yake matukio yamepangwa moja baada ya jingine. Kwanza unyakuo. Kisha dhiki kuu ya miaka saba. Kisha kurudi kwa Kristo. Kisha miaka elfu ya amani. Kisha hukumu, na hatimaye mbingu mpya na nchi mpya. Msikilizaji hukabidhiwa mwisho wa ulimwengu jinsi mwanafunzi anavyokabidhiwa ratiba ya mtihani.

Makala haya hayakusudii kubishana na imani ya mtu yeyote. Kwamba Kristo atarudi ni sehemu ya ungamo la makanisa yote makuu, na mwenye kuamini hivyo hahitaji idhini ya mhakiki wa fasihi. Swali linaloulizwa hapa ni la lugha: je, mpangilio ule wa kwenye chati umo katika andiko lenyewe, ama umewekwa na wasomaji? Jibu linalotetewa ni kwamba mfuatano anaoukuta msomaji wa Kiswahili kati ya njozi moja na nyingine katika Kitabu cha Ufunuo ni mfuatano wa kuona, wala si lazima uwe mfuatano wa kutukia. Aidha, mwanafunzi wa Kiswahili anazo zana za kulifafanua jambo hili, na ni kosa kuziacha zibaki katika ukumbi wa mihadhara.

Kwanza ni vyema kuuliza ratiba ile ilitoka wapi. Msomaji akikifungua Kitabu cha Ufunuo na kukisoma sura zake zote 22, atashangaa kuona jinsi vituo muhimu vya chati visivyopatikana humo. Mpinga Kristo hatajwi kwa jina hilo hata mara moja katika Ufunuo. Neno hilo limo katika Waraka wa Kwanza na wa Pili wa Yohana pekee. Unyakuo unatokana na kitenzi kilichotumiwa na Paulo katika sura ya nne ya Waraka wa Kwanza kwa Wathesalonike, alipokuwa akiwafariji waliofiwa. Kipindi cha miaka saba hakitajwi katika Ufunuo; hupatikana kwa kufasiri juma la mwisho kati ya majuma 70 ya sura ya tisa ya Kitabu cha Danieli, kisha kulitenga na majuma yaliyotangulia kwa pengo la karne nyingi. Nayo miaka elfu imo katika sura moja tu ya Biblia nzima, sura ya 20 ya Ufunuo. Ratiba, basi, ni kazi ya kuunganisha vipande vya vitabu mbalimbali, vilivyoandikwa na watu mbalimbali, kwa hadhira mbalimbali.

Mshonaji mashuhuri wa vipande hivyo alikuwa John Nelson Darby, mhubiri aliyefundisha katika Ireland na Uingereza kuanzia miaka ya 1830. Mafundisho yake yalienezwa mno na Biblia yenye maelezo ya Cyrus Scofield, iliyochapishwa mwaka 1909. Katika Biblia hiyo, maelezo ya mfasiri yalipigwa chapa kwenye ukurasa uleule wa andiko takatifu, chini yake. Si ajabu kwamba wasomaji wengi walishindwa kutenganisha sauti mbili hizo. Kutoka huko, mpangilio huo ulisambazwa na wamisionari, vyuo vya Biblia, vijitabu na redio hadi ukafika kwenye miteremko ya Mlima Kenya, ambako sasa unahubiriwa kana kwamba ni kauli ya Yohana wa Patmo mwenyewe.

Mtu anaweza kuuliza: kuna hasara gani watu wakiwa na chati? Historia ina jibu. Mwaka 1844 maelfu ya wafuasi wa William Miller nchini Marekani walimsubiri Kristo tarehe 22 Oktoba kwa kuwa hesabu za Kitabu cha Danieli zilikuwa zimeonyesha hivyo. Kukapambazuka, na dunia ikawa palepale. Mwaka huohuo, Ludwig Krapf alikuwa amewasili Mombasa na kuanza kufasiri Biblia kwa Kiswahili. Mwaka 2011 Harold Camping, mhubiri wa redio wa Marekani, alitangaza tarehe 21 Mei, na ilipopita akasogeza hadi 21 Oktoba.

Karibu na nyumbani, hesabu za namna hii zimegharimu roho. Viongozi wa kundi la Kurejesha Amri Kumi za Mungu nchini Uganda walitangaza kwamba ulimwengu ungekoma tarehe 31 Desemba 1999. Siku ilipopita, tarehe nyingine ikatajwa, na mnamo 17 Machi 2000 mamia ya waumini wakateketea ndani ya kanisa huko Kanungu. Mwezi Aprili 2023, makaburi ya halaiki yalianza kufukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, na miili iliyotolewa ikapindukia 400. Mhubiri Paul Mackenzie alishtakiwa pamoja na wenzake, nao wakakana mashtaka. Upande wa mashtaka ulidai kwamba wafuasi walihimizwa kufunga hadi kufa ili wakutane na Yesu. Baadhi ya waliokuwa waumini walieleza kwamba hata kufa kulikuwa kumepangiwa zamu: watoto kwanza, kisha watu wazima, na viongozi mwisho. Hapo ndipo neno dogo kama ‘kisha’ linapoweza kufika.

Embu haijashuhudia msiba wa kiwango hicho. Hata hivyo, kuna madhara yasiyofukuliwa na polisi. Mche wa kahawa huhitaji takriban miaka mitatu kabla ya kuzaa. Mkulima wa Manyatta au Runyenjes aliyeshawishiwa kwamba unyakuo ni wa mwaka huu hatapanda kahawa. Mzazi aliyeshawishiwa hivyo hataona haja ya karo ya muhula ujao. Inafaa kukumbuka pia kwamba mzizi uleule uliotupa ‘unyakuo’ ndio uliotupa ‘unyakuzi’, neno ambalo Wakenya wanalijua vyema kwa habari ya ardhi. Kiambishi tamati ndicho kinachotofautisha tumaini na wizi. Na pale muumini anaposhauriwa auze shamba lake kwa kuwa unyakuo u karibu, maneno hayo mawili hukutana tena.

Sasa tugeukie lugha. Biblia inayosomwa zaidi kwa Kiswahili katika makanisa ya Kiprotestanti nchini Kenya ni ile ya Muungano ya mwaka 1952, iliyokuja baada ya Biblia ya Kiunguja ya 1891 na ya Kimvita ya 1914. Katika Ufunuo wa tafsiri hiyo, njozi nyingi zinafunguliwa kwa kitenzi ‘nikaona’, mara nyingi kikitanguliwa na ‘kisha’. Katika Kiyunani, mahali pengi palipo na ‘kisha’ pana kiunganishi ‘kai’ tu, ambacho maana yake ya kawaida ni ‘na’. Kiunganishi hicho huunganisha. Peke yake hakidai kwamba jambo la pili lilitokea baada ya la kwanza. Watafsiri hawakukosea, kwa sababu masimulizi ya Kiswahili hudai -ka-, na sentensi zinazoanza na ‘na’ tupu zingechosha masikio. Lakini kila tafsiri ina bei yake, na bei hapa ni kwamba kiunganishi kilicholegea kimekuwa mnyororo uliokazwa.

Kila mwanafunzi wa mofolojia amekichanganua kitenzi cha namna hii tangu mwaka wa kwanza: ni- ni kiambishi cha nafsi, -ka- ni cha mfuatano, -on- ni mzizi, -a ni kiishio. Aulize basi: -ka- kinafuatanisha nini? Kimepachikwa katika kitenzi cha kuona, na mtendaji ni nafsi ya kwanza, yaani Yohana. Kinachofuatana ni tendo la Yohana la kuona, naye anatuambia kwamba baada ya kuona hili aliona lile. Hatuambii kwamba lile litatukia baada ya hili. Hata pale Kiyunani kinaposema wazi ‘baada ya hayo’, kama mwanzoni mwa sura ya saba, maneno hayo yanafungamana na kitenzi cha kuona. Zaidi ya hayo, malaika anayefungua sura ya 20 anaonekana ‘akishuka’. Tendo lake limebebwa na -ki-, kiambishi cha tendo linaloendelea wakati mtazamaji anapotazama. Atakayetaka kujua malaika huyo anashuka lini katika historia hatalipata jibu katika -ki- wala katika -ka- iliyotangulia.

Ndani ya njozi moja mambo huwa tofauti. Malaika yuyo huyo anamshika joka, anamfunga na kumtupa shimoni, na hapo -ka- inafuatanisha matendo yenyewe, kwani joka hawezi kutupwa kabla ya kushikwa. Kwa hiyo kanuni inayopendekezwa ni nyepesi: ndani ya njozi, -ka- ni ya matukio, kati ya njozi na njozi, -ka- ni ya mwonaji, hadi pawe na ushahidi mwingine.

Je, andiko lenyewe linaunga mkono kanuni hii? Naam. Katika sura ya sita, muhuri wa sita unapofunguliwa, jua linakuwa jeusi, nyota zinaanguka na anga linakunjwa kama gombo. Katika sura ya nane, tarumbeta ya nne inapopigwa, theluthi ya jua na theluthi ya nyota zinapigwa zikatiwa giza. Kama mfuatano ni wa kutukia, nyota hizo zilirudishwa angani na nani? Katika sura ya 11, tarumbeta ya saba inatangaza kwamba ufalme wa ulimwengu umekwisha kuwa wa Mungu. Mara katika sura ya 12 mwanamke anazaa mtoto wa kiume, ambaye wafasiri wengi wanamtambua kuwa Kristo mwenyewe. Tumerudishwa hadi Bethlehemu! Kuanguka kwa Babeli kunatangazwa katika sura ya 14, kunatajwa tena katika ya 16, na ndipo kunaelezwa kwa kirefu katika ya 17 na ya 18. Mwanafunzi wa fasihi hahitaji kuambiwa jina la mbinu hizi. Amezitaja mara nyingi katika insha zake: mbinu rejeshi, kionjo na takriri.

Takriri hiyo nayo ina sababu. Kitabu cha Ufunuo kinamheri msomaji mmoja na wasikilizaji wengi. Kilikusudiwa kusomwa kwa sauti mbele ya makanisa saba ya Asia, kuanzia Efeso hadi Laodikia, ambako wengi wa waumini hawakuwa na nakala mikononi. Msimulizi anayetegemea masikio hurudia, na anaporudia huongeza uzito. Tazama viwango: katika muhuri wa nne, mauti inapewa mamlaka juu ya robo ya nchi; katika tarumbeta, kinachopigwa ni theluthi; katika vitasa, hakuna kinachobakizwa. Robo, theluthi, zima. Huo ni mjengo wa msimulizi anayepandisha sauti. Victorinus, askofu wa Pettau aliyeuawa kwa ajili ya imani mwanzoni mwa karne ya nne, aliandika mojawapo ya fafanuzi za kale kabisa za Ufunuo zilizotufikia, na tayari aliwaonya wasomaji kwamba kitabu hiki hurudia yaleyale kwa sura nyingine.

Wasomi wa Kiswahili wana mazoezi ya kutosha katika usomaji wa namna hii. Hakuna mhadhiri anayemruhusu mwanafunzi kuchora Nagona (1990) au Mzingile (1991) za Euphrase Kezilahabi kwenye mstari mmoja wa wakati, kisha kudai kwamba amezielewa. Hakuna anayeusoma utenzi wa Al-Inkishafi, ambao unamwongoza mtu kutoka magofu ya Pate hadi vitisho vya Akhera, akitafuta tarehe. Hata utabiri wa fasihi simulizi ya eneo la Mlima Kenya una funzo. Mugo wa Kibiro alitabiri nyoka wa chuma, na reli ilipofika Nairobi mwaka 1899 watu wakatambua. Wambeere nao humkumbuka Ireri wa Irugi kwa maono yake. Wasimulizi wa utabiri huo walihifadhi ishara; waliozipanga ni waliokuja baadaye, baada ya mambo kutokea. Ajabu ni kwamba mwanafunzi yuleyule anayelijua hili siku ya Jumatatu hulisahau siku ya Jumapili.

Haki inadai upande wa pili usikilizwe. Wapo wanaosoma Ufunuo kwa mfuatano nao si wajinga. Justino na Irenayo, waandishi wa karne ya pili waliokuwa karibu mno na zama za mitume, walitarajia miaka elfu itakayofuata kurudi kwa Kristo. Hoja yao haikosi msingi: katika sura ya 20, Ibilisi anatupwa katika ziwa la moto ambamo mnyama na nabii wa uongo wamo tayari, nao walitupwa humo mwishoni mwa sura ya 19. Huo ni ushahidi wa ndani wa mfuatano, tena mzito. Augustino, katika karne ya tano, aliufasiri mjadala kwa namna nyingine: kwake, miaka elfu ni zama za Kanisa zilizokwisha kuanza, na sura ya 20 inarudi nyuma kabla ya kusonga mbele. Makala haya hayatoi hukumu kati yao. Yanachosisitiza ni kwamba wote watatu walijua wanafasiri. Walitoa hoja, wakapima ushahidi, wakajua wapo Wakristo wenzao waliosoma vingine. Chati ya kituo cha magari haina nafasi ya hoja. Ina nafasi ya mstari tu.

Aliyezoea kuutazama Mlima Kenya kutoka Embu ataelewa. Asubuhi isiyo na mawingu, vilele vya Batian, Nelion na Lenana huonekana kama vimesimama bega kwa bega juu ya msitu. Apandaye ndiye agunduaye mabonde yaliyo katikati. Anayetazama kwa mbali hakudanganywa na macho yake, kwani aliviona vilele kwa kweli. Angekosea tu kama angechora ramani ya njia kutokana na alivyoviona. Hali ni hiyo katika sura ya 24 ya Injili ya Mathayo, ambako kuharibiwa kwa hekalu la Yerusalemu, kulikotokea mwaka wa 70, kunatajwa sambamba na mwisho wa dunia. Katika sura hiyohiyo, Yesu anasema kwamba siku na saa hakuna aijuaye.

Kazi iliyopo ni ya vitendo. Embu ni mahali pa lugha nyingi: Kiembu, Kimbeere, Kigikuyu ambacho Biblia yake imetumika makanisani kwa miaka mingi, Kiswahili na Kiingereza. Katika mikutano ya injili, mhubiri mgeni huzungumza Kiingereza na kijana wa hapo husimama kando yake akifasiri. Kijana huyo mara nyingi ni mwanafunzi. Mhubiri aliposema ‘na’, yeye aliongeza ‘kisha’ au ‘halafu’ bila kujua kwamba amekwisha kuweka ratiba kinywani mwa nabii. Tangu Chuo Kikuu cha Embu kipate hati yake mwaka 2016, mji huu hauna tena uhaba wa vijana waliofunzwa lugha. Uhaba uliopo ni wa wanaojitolea kuitumia elimu hiyo mahali ambapo nyanya zao wanaisikia.

Idara za Kiswahili nazo zina sehemu yake. Biblia ya Kiswahili ni miongoni mwa matini zinazosomwa na watu wengi zaidi katika lugha hii, lakini mitaala mingi huipita kando, kana kwamba kuichunguza ni ama kuhubiri ama kukufuru. Tasnifu ngapi zimeandikwa juu ya -ka- katika riwaya? Ni haki kiambishi hichohicho kichunguzwe katika kitabu ambacho watu wameuza mashamba kwa ajili yake. Chama cha wanafunzi kinaweza kuanza kwa jambo dogo: kongamano la siku moja, likiwaleta pamoja wachungaji, makatekista na wanaisimu, kila mmoja na nakala yake ya Ufunuo, wasome sura ya 19 na ya 20 kwa sauti na kusimama kwenye kila ‘kisha’ waulize, ya nani hii: ya matukio au ya mwonaji?

Hakuna imani itakayopungua kwa swali hilo. Muumini aliyekuwa akimngoja Bwana wake ataendelea kumngoja, huku akipanda kahawa na kulipa karo. Wahenga walisema, lisemwalo lipo. Kama halipo, laja. Hawakusema linakuja lini, wala lipi litatangulia.